Barua Zilizotuliza Mkondo wa Pemba

Oktoba 12, 2021, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague walitoa hukumu ya kesi ya bahari kati ya Somalia na Kenya. Tanzania haikuwa mdai wala mdaiwa. Lakini ukiisoma hukumu ile mpaka pale majaji wanapoeleza kwa nini mstari wa katikati ungeionea Kenya, utakikuta kisiwa cha Pemba kimetajwa kwa jina: kisiwa kikubwa, chenye watu, mali ya Tanzania, ambacho kwa kukaa pale kilipo kinaibana bahari ya Kenya kutoka kusini. Kwa sababu ya kubanwa huko, Somalia upande huu na Pemba upande ule, mahakama iliusogeza mstari kidogo kaskazini. Somalia bado ilipata sehemu kubwa ya ilichodai, na Nairobi ikatangaza kuikataa hukumu.

Mabishano yale yalihusu pembe ya bahari ya kilomita za mraba zipatazo 100,000, na chini yake matumaini ya mafuta na gesi. Somalia ilifungua kesi Agosti 2014. Februari 2019 Kenya ilimwita nyumbani balozi wake wa Mogadishu. Desemba 2020 Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi, ingawa safari hiyo kwa ugomvi mwingine, na ukarejeshwa Mei iliyofuata. Kufikia siku ya hukumu majirani hawa walikuwa wameshachoshana vya kutosha.

Sasa igeuze ramani utazame kusini. Pwani ya Kenya na Somalia imenyooka, haina kisiwa kikubwa cha kuwachanganya wapimaji. Kusini kuna Pemba, kilomita 67 kutoka kichwa hadi mkia, imekaa baharini mkabala na mpaka wa nchi mbili, na mkondo mzito kati yake na bara. Kama pana mahali palipostahili kuleta kesi ni hapa. Lakini Kenya na Tanzania, ambazo zimegombana kwa mabasi ya watalii, kwa mahindi, na mwaka 2017 hata kwa vifaranga 6,400 vilivyochomwa moto baada ya kukamatwa Namanga, hazijawahi kupelekana mahakamani kwa ajili ya Mkondo wa Pemba.

Sababu ni karatasi mbili, moja ya Desemba 17, 1975 na nyingine ya Julai 9, 1976. Wachache wanazijua, hata kule Konde na Msuka, kaskazini ya Pemba, ambako bahari yenyewe inaonekana kutoka shambani. Na hazikuwa barua za kwanza zilizoandikwa kwa ajili ya maji haya.

Kabla ya karatasi palikuwa na mchele. Mombasa ya karne ya 18, mji wa Wamazrui, ilitegemea Pemba kwa chakula. Kisiwa kina mvua, mabonde na udongo. Mji ule ulikuwa na ngome, biashara na midomo mingi. Aliyeishika Pemba aliishika Mombasa kwa tumbo, na Wamazrui walilijua hilo vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 watu wa Seyyid Said bin Sultan wa Oman waliwanyang'anya kisiwa, wakabaki na mji uliozingirwa na merikebu na ghala lisilojazwa. Februari 1824 nahodha Mwingereza, William Owen, alipoingia bandarini, Wamazrui walimpa mji auweke chini ya bendera ya Uingereza, na sharti lao mojawapo lilikuwa warudishiwe milki zao za zamani, Pemba ikiwemo. London haikumuunga mkono nahodha wake. Mwaka 1826 bendera ikashushwa, na mwaka 1837 Seyyid Said akaimiliki Mombasa yenyewe.

Ninakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha hali ya mkondo huu ulipokuwa hauna maandishi. Pande mbili zilizokula chungu kimoja, zenye dini moja na lugha moja na watu waliooana, zilishindwa kugawana kisiwa, upande mmoja ukamkaribisha mgeni aje awaamulie. Undugu haukutosha. Siku hizi tukisikia kwamba Wakenya na Watanzania ni ndugu na kwa hiyo hawana haja ya kuandikiana, inafaa kuikumbuka ile bendera ya Owen.

Baada ya hapo pande zote mbili zikawa za Sultani mmoja. Karafuu ikaingia, na tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja ikaiacha ya Pemba, kisiwa cha mpunga kikawa kisiwa cha karafuu. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa zikakata mamlaka ya Sultan Barghash bila ya yeye kuwa mezani: akaachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, na ukanda wa bara wa maili kumi kutoka ukingo wa bahari. Wajerumani baadaye wakaununua ukanda wa upande wao. Waingereza waliukodi wa upande wao, kuanzia Vanga kwenda juu, na mwaka 1895 serikali yao ikaupokea rasmi kwa kodi ya kila mwaka. Ndiyo maana bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi mwaka wa uhuru. Na ndiyo maana babu aliyetoka Wete kwenda Mombasa kuuza samaki wakavu mwaka 1950 hakujihesabu kuwa amekwenda nchi ya watu. Alikuwa amevuka maji tu.

Ukanda ule ungeweza kuleta vita. Ilipofika miaka ya mwisho ya ukoloni, watu wa Mombasa na Malindi waligawanyika. Wapo waliotaka kuingia Kenya huru, na wapo waliopiga kelele za Mwambao, yaani pwani ijitawale yenyewe au irudi kwa Sultani. Uingereza ilimtuma Sir James Robertson mwaka 1961 kuchunguza, naye akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, wenyeji wake wakipewa ahadi za kulinda dini na ardhi yao. Ahadi za nani, na kwa maandishi gani? Hapo ndipo anapoingia mwalimu mmoja wa Pemba.

Mohamed Shamte Hamadi alikuwa mwalimu kabla ya siasa. Chama chake, ZPPP, kilikuwa na mizizi Pemba, na kura za Pemba ndizo zilizombakiza kwenye uwaziri mkuu baada ya uchaguzi wa Julai 1963, ambapo muungano wa ZNP na ZPPP ulipata viti 18 kati ya 31 huku wapinzani wao, ASP, wakiwa na kura nyingi zaidi. Hesabu hiyo ilikuwa na sumu ndani yake, na Zanzibar iliinywa miezi michache baadaye. Lakini Oktoba 5, 1963 Shamte alikuwa bado waziri mkuu, na alibadilishana barua na Jomo Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya. Siku tatu baadaye, London, mkataba ulitiwa saini: Sultan Jamshid aliachia milki ya ukanda wa pwani, na Kenya ikauchukua.

Barua zile ni fupi, na hazina ufasaha wa hotuba za uhuru. Zinasema uhuru wa kuabudu utalindwa, hasa kwa waliokuwa raia wa Sultani na vizazi vyao. Mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wote yatahifadhiwa, kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi watakuwa Waislamu kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana. Hati za kumiliki ardhi pwani zitatambuliwa. Basi. Ukurasa mmoja na kitu.

Zanzibar ikapata uhuru Desemba 10, Kenya Desemba 12. Januari 12, 1964 Mapinduzi yakaiondoa serikali ya Shamte pamoja na Sultani wake. Aprili 26 Unguja na Pemba zikawa sehemu ya Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo aliyeahidiwa hayupo, dola yake haipo, na kiti chake cha enzi hakipo. Mtu mjanja wa sheria angeweza kusema barua imekufa na mwenyewe. Kenya haikusema hivyo. Mahakama za Kadhi ziliingia katika katiba ya uhuru, na mwaka 2010, baada ya mabishano makali kuelekea kura ya maoni, zikaingia tena katika katiba mpya, ibara ya 170. Mwanamke wa Lamu anayedai urithi wake leo mbele ya kadhi anasimama juu ya ahadi aliyoandikiwa mwalimu wa Pemba na serikali ya nchi jirani. Katika diplomasia ya Afrika Mashariki sijui barua nyingine iliyofanya kazi kwa miaka mingi kiasi hicho kwa sauti ndogo namna ile.

Lakini barua za 1963 zilizungumza nchi kavu. Bahari hazikuigusa.

Kwa mipaka ya nchi kavu Afrika huru ilikwisha kupata dawa, chungu lakini dawa. Julai 1964, Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubali, kwa hoja iliyoletwa na Mwalimu Nyerere, kwamba kila nchi itaiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Baharini hakukuwa na cha kukuta. Mkoloni aliuchora mstari kutoka ziwani hadi pwani, akasimamisha nguzo Ras Jimbo, akaishia hapo. Zaidi ya nguzo ile ni maji tu, na katika miaka ya 1970 maji yalianza kupanda bei. Dunia nzima ilikuwa inabishana juu ya umbali ambao nchi inaweza kudai baharini, na kwenye ubishi huo mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, alikuwa mstari wa mbele kulipigania wazo la ukanda wa kiuchumi wa maili 200. Nchi yenye mtu kama huyo isingeweza kuacha kona yake ya kusini bila mstari.

Maofisa wa nchi mbili wakaanza kukutana. Kilichotoka ni barua ya Kenya ya Desemba 1975 na jibu la Tanzania la Julai 1976, ambazo kwa pamoja ndizo mkataba.

Inafaa kuueleza mstari huo, kwa sababu umeshikilia majina ya mahali ambapo kila mvuvi wa kaskazini ya Pemba anapajua. Upande wa Kenya wapimaji waliunganisha Ras Jimbo, Kisite na kisiwa kidogo cha Mpunguti ya Juu, karibu na Wasini. Upande wa Tanzania waliunganisha Ras Jimbo, Mwamba Wamba, kisiwa cha Fundo kilichoko mbele ya Wete, na Ras Kigomasha, ncha ya juu ya Pemba kwenye mnara wa taa wa Waingereza. Kati ya safu hizo mbili ukapita mstari wa katikati. Kisha ikaja shida ya mkondo wenyewe. Kutoka taa ya Mpunguti hadi taa ya Kigomasha hazifiki maili 24 za baharini. Kila nchi inadai maili 12. Ukichora duara la maili 12 kutoka kila mnara, maduara yanapandana, na mahali yanapokatana ndipo mpaka ulipofungwa fundo.

Fundo la mwisho la kaskazini liko latitudo ya nyuzi 4, dakika 40 na sekunde 52 kusi. Kuanzia hapo wapimaji waliweka bikari chini. Walikubaliana kwamba mpaka utakwenda mashariki moja kwa moja kwa latitudo hiyohiyo, mpaka utakapofika mwisho wa mamlaka ya nchi hizi mbili.

Hapa pana jambo linalohitaji kusemwa wazi, maana Wazanzibari wanaojua kusoma ramani hawalifurahii. Kwa hesabu kavu ya mstari wa katikati, Pemba ingeusukuma mpaka kuelekea kaskazini mashariki na kuikatia Kenya bahari. Ndiyo maana majaji wa The Hague walikitaja kisiwa. Kwa kukubali latitudo, Tanzania iliachia sehemu ya maji ambayo ingeweza kuyadai kwa nguvu ya Pemba. Ukiuliza nani aliyeachia, jibu ni Dar es Salaam. Ukiuliza ni kisiwa cha nani kilichofanya madai hayo yawezekane, jibu ni Zanzibar. Sioni haja ya kulificha hilo. Naona pia kwamba mpaka ambao jirani mkubwa anaridhika nao una thamani yake kwa kisiwa ambacho wavuvi wake wako ndani ya maji ya jirani huyo nusu ya mwaka, na kwamba ile latitudo ililipiwa kwa kipengele kingine ndani ya barua zilezile.

Kipengele hicho ni cha uvuvi. Kinasema wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wanaovua kwa ajili ya riziki yao, wataruhusiwa kuvua hadi maili 12 kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Leseni zao na desturi zao zitatambuliwa pande zote mbili. Eneo hilo limewekwa kwa ajili ya raia wa nchi hizi tu. Kwa maneno ya baharini: meli ya kigeni haina ruhusa, lakini mwenye mashua wa Msuka anaweza kutupa mshipi mbele ya Shimoni, na mwenye ngalawa wa Vanga anaweza kuja mpaka karibu na Kigomasha, na hakuna atakayemwita mwizi. Walioandika hayo walielewa kwamba samaki wa mkondo ule hawasomi ramani, na kwamba upepo wa kusi unampeleka Mpemba kaskazini kabla hajafikiria pasipoti.

Tarehe za barua hizo pia zina hadithi. Februari 1976, katikati ya barua ya kwanza na ya pili, Idi Amin alisimama Kampala akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Julai 4 makomando wa Israel walishuka Entebbe, nao wakatia mafuta Nairobi walipokuwa wakirudi. Amin akaapa kulipiza kisasi. Siku tano baadaye Tanzania ikaijibu Kenya kwamba imeikubali bahari kama ilivyochorwa. Sidai kwamba jibu lilitumwa kwa ajili ya Entebbe. Lakini Kenya ya wiki ile, yenye jirani mmoja anayetishia, ilikuwa na sababu ya kufurahi kwamba jirani wa pili amemaliza hesabu zake kwa wino.

Na wino huo ulijaribiwa mapema. Haikupita hata miezi minane, Februari 1977, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa Juni 1967, ilikuwa inakata roho: shirika la ndege limevunjika, reli zimegawanywa, kila upande unashikilia mali ya mwenzake. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa usuluhishi wa Mswisi, Victor Umbricht, na mkataba wa kumaliza ukatiwa saini Arusha Mei 1984. Kwa miaka karibu saba malori hayakupita Namanga wala Lungalunga kihalali. Viongozi walitukanana magazetini, huyu akimwita mwenzake bepari, yule akimjibu kwa la ujamaa.

Katika miaka hiyo yote hakuna aliyeigusa latitudo. Hakuna manowari iliyokwenda kuweka boya jipya. Mwaka 1979, uhasama ukiwa bado mbichi, Rais Moi alipotangaza ukanda wa kiuchumi wa Kenya wa maili 200, kusini aliufuata mstari uleule waliokubaliana na Tanzania. Uganda na Tanzania zilikuwa wakati huohuo vitani kwa mpaka ambao nao ni latitudo, ule wa nyuzi moja kusi juu ya mto Kagera; Amin aliingia Oktoba 1978 akasema mpaka halali ni mto. Mstari kuchorwa vizuri peke yake haukuokoa Kagera. Tofauti ni kwamba mstari wa Kagera walikubaliana Wazungu, na mmoja wa majirani hakujiona kuwa amefungwa nao. Wa Pemba uliandikwa na wenyewe.

Kazi hiyo iliendelezwa baadaye, kwa utulivu uleule. Mwaka 2002 Tanzania ilielewana na Shelisheli. Juni 2009 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano mengine, ya ukanda wa kiuchumi na sakafu ya bahari. Zanzibar ilipoipa kampuni ya RAK Gas kitalu cha mafuta cha Pemba na Unguja mwaka 2018, magazeti yalijaa mjadala wa Muungano, mapato na nani atie saini. Mjadala wa Kenya haukuwamo. Ni mara chache kutokuwepo kwa habari kuwa ndiyo habari.

Nisiipambe bahari hii kupita kiasi. Karafuu za Pemba zimevuka usiku kwenda Shimoni na Mombasa kwa miongo mingi, kila bei ya serikali ilipokuwa ndogo kuliko ya ng'ambo, na KMKM, kikosi ambacho jina lake lenyewe lina neno magendo, kimekimbizana na mashua hizo tangu wengi wetu hatujazaliwa. Wavuvi wa Wasini na Vanga wana malalamiko ya kweli dhidi ya Wapemba wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, kwao na juya na nyavu zinazokokota kila kitu. Polisi wa pande zote wameshakamata watu na mashine za boti. Lakini ugomvi wa aina hiyo unamalizwa na kamati za ufukwe, afisa uvuvi na mkuu wa wilaya. Haujawahi kuwa ugomvi wa marais, kwa sababu swali la maji ni ya nani lilikwisha kujibiwa.

Mwaka 2001 mkondo ulibeba mzigo mwingine. Januari 15 mwaka huo, Arusha, marais wa Kenya, Tanzania na Uganda walizindua Jumuiya iliyofufuliwa, kwa ngoma na bendera. Siku 12 baadaye, Januari 27, chama cha upinzani cha CUF kiliandamana kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, na askari wakafyatua risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31 vya Januari ile Zanzibar. Human Rights Watch ilisema havikupungua 35. Watu zaidi ya 2,000 walipanda mashua wakaenda Shimoni. Tanzania, iliyowapokea Warundi, Wanyarwanda na Wakongo kwa malaki, kwa mara ya kwanza ikawa na wakimbizi wake kwenye nchi ya jirani.

Kenya iliwapokea. Haikuwarudisha mashua zao baharini, wala haikuitumia nafasi kumfundisha mwenzake demokrasia, somo ambalo serikali ya Moi yenyewe isingelifundisha kwa uso mkavu. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliweka kambi Shimoni. Baadhi walihamishiwa Dadaab, mbali na bahari na mbali na kila walichokijua. Oktoba 10, 2001 chama tawala, CCM, na CUF vilitia saini makubaliano yaliyoitwa Muafaka wa pili, na wengi wa waliokimbia wakarudi nyumbani. Mtu anaweza kuilaumu Nairobi kwa ukimya wake, na mimi nadhani neno moja zito kutoka kwa jirani lingefaa wakati ule. Hata hivyo mlango uliobaki wazi uliokoa watu, na wiki zile za Februari mkondo haukugeuka mstari wa mbele wa nchi mbili zilizokuwa zimetoka tu kupeana mikono.

Waliofika Shimoni mwaka ule waliwakuta Wapemba wengine wenye makao ya zamani. Walikuwa watu wa dago waliokwenda na kusi wasirudi na kaskazi, wa enzi za Sultani mmoja, na wengine walioondoka baada ya Mapinduzi. Walitapakaa kutoka Vanga hadi Watamu na Ngomeni, wakaoa, wakazaa, wakazika. Hao ndio barua za nchi mbili ziliowasahau. Za 1963 ziliwalinda waliokuwa raia wa Sultani katika dini na mashamba yao, lakini hazikusema nani atakuwa raia wa wapi. Ya 1976 ilimtambua mvuvi kwa nchi yake na leseni yake. Mpemba aliyezaliwa Kilifi na mzazi asiye na kitambulisho hakuwa na nchi ya kuonyesha. Bila kitambulisho hapati leseni, na bila leseni kipengele kile kizuri cha maili 12 kinampita pembeni. Tanzania haikumhesabu, Kenya ilimwita mgeni. Watoto walisoma wakafika mahali pa kuandika namba ya kitambulisho wakasimama hapo. Chombo alichonunua kwa jasho lake kiliandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Haya yalidumu hadi Januari 2023, Rais William Ruto alipowatangaza Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za Kenya, baada ya Wamakonde na Washona waliotangulia. Julai mwaka huo, Kilifi, vitambulisho vikaanza kutolewa kwa watu ambao baadhi yao wana wajukuu.

Matokeo yake ya kisheria yana uzuri wa pekee. Mpemba wa Shimoni aliyepata kitambulisho anaweza sasa kuomba leseni ya Kenya, na mwenye leseni ya Kenya anayevua kwa riziki yake anatambuliwa na barua za 1975 na 1976 hadi maili 12 kusini ya mpaka. Kwa hiyo amehitaji kuwa Mkenya ili aweze kuvua kihalali mbele ya Kigomasha, maji ambayo babu yake aliyaacha na kusi ya mwaka fulani, akidhani atarudi kaskazi ikianza.